Kocha mpya tumtazame mpira ukipotea

Ndugu Mhariri,

Kocha mpya akitambulishwa kwenye klabu zetu, mambo ni yale yale: skafu shingoni, jezi mkononi, maikrofoni zimejaa mezani, na ahadi ya soka la kuvutia lenye matokeo. Kesho yake magazeti, likiwemo lako, yanaandika kwamba sasa ni mwendo wa pasi. Timu ikitoka sare mbili na kufungwa moja, kurasa hizo hizo zinaanza kuuliza kama kibarua chake kimeota nyasi. Naomba nafasi kwenye safu hii niseme kwamba tunamtazama mwalimu mahali pasipostahili.

Mimi ni mtu wa mzunguko, yaani majukwaa ya bei nafuu, pale Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Tangu Dodoma Jiji icheze Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2020/21, benchi lake limekaliwa na makocha wakiwemo Mbwana Makata, Masoud Djuma, Melis Medo, Francis Baraza, Mecky Maxime. Kila akija mmoja, swali letu Walima Zabibu, mashabiki wa Dodoma Jiji, ni lile lile: sasa tutacheza mpira? Tukimaanisha pasi. Timu ikiwa na mpira, kila mtu jukwaani ni mchambuzi. Ikiupoteza tunamgeukia muuza karanga. Kumbe hapo ndipo mkono wa kocha mpya unapoonekana kwanza, pengine mwezi mzima kabla haujaonekana kwenye pasi.

Sababu yake ni nyepesi. Kukaba kwa pamoja kunahitaji makubaliano kuliko kipaji. Mwalimu akiwa na wiki mbili za mazoezi anaweza kuwaambia vijana: tukipoteza mpira, wote tunarudi nyuma yake, mistari miwili, wanne na wanne, hakuna kukimbilia kila kitu. Au akasema kinyume chake: tukiupoteza, watatu walio karibu wanamvamia mwenye mpira hapo hapo, na mabeki wanapanda hadi karibu na mstari wa kati. Yote mawili yanafundishika haraka. Ukitaka kujua kachagua lipi, usifuate mpira. Mwangalie winga wa upande wa pili, yule ambaye mpira hauko kwake. Akisimama ameshika kiuno, bado hajafundishwa kitu au hajakubali. Akiingia ndani mita kumi kumsaidia kiungo mkabaji, ujue kuna mtu amezungumza naye katikati ya wiki.

Kitu kingine ni nafasi kati ya mabeki na viungo. Timu nyingi za ligi yetu zikichoka, dakika ya sabini kwenda mbele, mabeki wanarudi na washambuliaji wanabaki mbele, katikati panakuwa uwanja mtupu. Mpinzani anapokea pale, anageuka, anapiga. Sisi tunamlaumu kipa.

Kujenga mashambulizi kutoka nyuma ni habari nyingine kabisa, na hili ndilo tunalolidai wiki ya kwanza. Tangu sheria ya goli kiki ilipobadilishwa mwaka 2019, beki anaruhusiwa kuupokea mpira akiwa ndani ya kumi na nane, hauhitaji tena kutoka nje ya eneo. Makocha wengi duniani wamejenga mchezo wao juu ya mabadiliko hayo madogo: kipa anampa beki wa kati pasi fupi, mpinzani anavutika kuja, nyuma yake panafunguka. Ni kitu kizuri kukitazama kwenye runinga. Njoo Jamhuri uone kinavyokwenda. Kipa anatoa pasi fupi, beki anaupokea akiwa na mgongo kwa hatari, na kabla hajainua kichwa jukwaa zima limeshapiga kelele: "Butuaaa!" Naye anabutua, kwa sababu ana masikio. Halafu Jumatatu tunaandika kwamba kocha hana falsafa.

Uwanja nao una lake la kusema. Agosti na Septemba, msimu unapoanza, upepo wa Dodoma si wa mchezo. Mpira mrefu unaopigwa kinyume na upepo unarudi kama umesahau kitu nyumbani. Ungedhani hiyo ni hoja ya kucheza chini, na kweli ni hoja. Lakini nyasi zikiwa zimekauka mpira wa chini unaruka-ruka, na pasi ya mita tano inafika magotini. Kocha mwenye akili huanza na kile ambacho uwanja unamruhusu, na ndiyo maana mara nyingi goli la kwanza la "zama mpya" huwa la kona au faulo. Mipira ya kutenga inafundishwa siku mbili, wala haihitaji usajili.

Mifano ya mbali inatusaidia kwa sababu tunaitazama kila wikiendi. Septemba 2016, Chelsea ya Antonio Conte ilifungwa 3-0 na Arsenal. Conte akahamia mabeki watatu, akamchukua Victor Moses aliyekuwa winga akampa upande mzima wa kulia, kupanda na kushuka. Chelsea ikashinda mechi 13 mfululizo za ligi na mwishoni ikabeba ubingwa. Wachezaji walikuwa wale wale, kazi ndizo zilibadilika. Mwaka huo huo Pep Guardiola alifika Manchester City na mchezo wa kuanzia kwa kipa, akamwondoa Joe Hart golini, na msimu wake wa kwanza ukaisha bila kombe hata moja. Msimu uliofuata alikuwa na kipa mpya, Ederson, na mabeki wa pembeni wapya, na City ikamaliza na pointi 100. Ruben Amorim naye aliingia Manchester United Novemba 2024 na mabeki wake watatu, ligi iko katikati, hana maandalizi ya msimu wala wachezaji aliowachagua yeye. United ikamaliza ya 15. (Jirani yangu ni Mashetani Wekundu damu damu, sentensi hii nitamruka nikimsomea.) Conte na Amorim walipanga beki tatu wote wawili, kwa hiyo tusidanganyane kwamba namba zinazoandikwa ubaoni ndizo zinazobadilisha timu.

Hapa nyumbani tunao mfano mzuri kuliko yote hiyo, na nashangaa hatuutumii. Kocha Nasreddine Nabi alifika Yanga Aprili 2021, msimu ukielekea ukingoni. Alipopata maandalizi kamili, timu ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi ya ligi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wake wa mwisho mabao yalikuwa yanamtafuta mshambuliaji Fiston Mayele. Nabi akaondoka, Mayele naye akaondoka, akaja Miguel Gamondi. Wengi walimsubiri Mayele mwingine. Badala yake mabao yakaanza kutoka kwa wanaotokea nyuma: katika ile 5-1 dhidi ya Simba, Novemba 5, 2023, Maxi Nzengeli alifunga mawili, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua moja moja, na Aziz Ki akamaliza msimu na mabao 21, mfungaji bora wa ligi akiwa kiungo. Huo ndio mtindo kubadilika. Ila kumbuka Gamondi alikuta timu ambayo tayari inajua kukaba. Alijenga ghorofa juu ya msingi wa mwenzake, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Klabu za huku kwetu kanda ya kati hazina bahati hiyo. Mwalimu anaitwa baada ya mwenzake kutimuliwa, mara nyingi dirisha la usajili limeshafungwa, anakuta winga watano na hakuna beki wa kushoto. Anarithi kikosi kilichosajiliwa kwa mchezo wa kaunta, yaani kushambulia kwa kushtukiza, tunamwagiza pira biriani, lile soka tamu la pasi. Akisema anahitaji dirisha mbili, tunamwita mwenye visingizio.

Basi ombi langu kwa dawati lako la michezo ni dogo. Mwandishi wenu akikaa mbele ya kocha mpya, asimuulize kama atacheza soka la kuvutia, maana hakuna atakayejibu hapana. Amuulize: timu ikipoteza mpira unataka wafanye nini, na nani kati ya uliowakuta anaweza kukifanya? Halafu baada ya mechi tatu nne mtuandikie kama kinafanyika, hata kama timu imefungwa. Msimamo wa ligi tunausoma wenyewe kwenye simu.

Lipo na la kuwauliza viongozi wa klabu, kwa sababu kocha huwa anajibu peke yake. Kabla hajaja, wachezaji hawa walisajiliwa na nani, na kwa ajili ya mchezo upi?

Wako,
Shabiki wa mzunguko,
Nkuhungu, Dodoma.