Kuhusu Sele na lile dude lake

Shoga yangu Zuhura,

Habari za siku, natumai mzima na watoto wazima. Mi mzima, mafua tu. Najua nimepotea, meseji zako zote nimeziona nikawa nasema ntajibu nikitulia, na huko kutulia ndo sijafika mpaka leo. Ila leo nakuandikia kirefu maana hili la Sele limeninyima usingizi.

Tangu atutumie ile voisi na picha kwamba usiku kaona dude majini akiwa kwenye mtumbwi, na sisi tukamcheka, katoka kwenye grupu, umeona? Hakuaga wala nini. Simu zangu hapokei. Na sababu naijua, ni ile stika yangu ya dinosaria kavaa miwani. Jamani si nilitania tu! Na wewe ulicheka, usijifanye, vile vikatuni vya kulia machozi nimevihesabu, vilikuwa tisa. Kibwana ndo akaharibu kabisa na lile swali lake la "ulikuwa umekunywa nini", wakati Sele hata soda anaiogopa.

Sasa jana nikarudi kuisikiliza ile voisi yake peke yangu, taa nimezima. Siku ile nilisikiliza nusu dakika nikaanza kucheka na wenzangu. Zuhura, ina dakika nne na nusu. Kwenye dakika ya tatu ananyamaza, unasikia maji tu yanagonga ubavu wa mtumbwi, halafu anasema kwa sauti ya chini, "halikunikimbia, lilikuwa linanitazama." Kisha anakohoa. Muongo hapo ndo angeongeza pembe na moto puani, yeye anakwambia alibanwa na mkojo na hakuthubutu kusimama. Nikaiweka simu chini nikakaa.

Sikwambii naamini ni lile dude la hadithi za wazee. Yawezekana lilikuwa gogo, au samaki mkubwa, au fisi maji watatu wamefuatana, usiku na majini macho hayana adabu. Ila kitu alikiona. Na sisi watu kumi na mbili tumemjibu kwa vikatuni, hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la maana.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana, ukikutana na jitu kama hilo utafanya nini? Mama Nuru alisema atakimbia, Kibwana akasema atarusha laivu, wewe ulisema utazimia halafu ukizinduka utaliomba radhi. Mi nikajitapa ntasogea nipige picha. Uongo mtupu, mi ningegandia palepale na simu iko mfukoni. Ila hakuna aliyefikiria kesho yake asubuhi, yaani umeshanusurika, umefika nyumbani, unanawa uso, sasa unamwambia nani?

Nikaingia intaneti usiku huohuo (ndo ugonjwa wangu, unanijua) nikakuta habari ya silikanti. Yule samaki wataalamu walikuwa na uhakika katoweka duniani pamoja na madinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, anaitwa bandarini aangalie samaki walioletwa na meli, anaona pezi la buluu limechomoza kwenye rundo. Samaki urefu mita moja na nusu! Basi dereva wa teksi kwanza akagoma kumbeba, eti atanuka. Mochwari, alikotaka kumhifadhi asioze, wakamkataa. Bosi wake akamwambia huyo ni samaki wa kawaida tu. Ikabidi achore picha amtumie mtaalamu wa samaki, Smith, kwa posta. Wa pili alipatikana 1952, miaka kumi na minne baadaye, huko Komoro, na ukisoma vizuri unakuta wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote na jina wameshampa, gombessa. Hakuna aliyewauliza. Nikacheka mwenyewe, maana kwenye hadithi hii mi na wewe ni yule dereva wa teksi.

Na kipunji je? Wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe walikuwa wanamtaja miaka yote, watafiti wakadhani labda ni kiumbe wa ngano. Mwaka 2003 wakamwona, nyani mzima na mkia wake, 2005 akatangazwa rasmi kuwa ni mpya. Mpya kwa nani sasa?

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana mjinga. Ile picha maarufu ya mnyama wa Loch Ness, ziwa la kule Uskoti, ya mwaka 1934, shingo imetoka majini, ilikuja kubainika ni nyambizi ya kuchezea watoto imewekewa kichwa cha kutengeneza. Watu walidanganywa miaka sitini. Kwa hiyo Bakari kusema "lete ushahidi" hakukosea. Ila picha ya Sele umeiangalia kweli? Nusu ni kidole chake. Nani atengeneze uongo wa hivyo?

Halafu lile ambalo Bakari kalishikia bango, kwamba Sele hataki kusema ni wapi, "muongo lazima afiche sehemu". Na mi siku ile niliona ni hoja. Sasa sijui. Kuna nguva wakubwa sana, kama mita nane, mtaalamu Georg Steller aliwaona mwaka 1741 chombo chao kilipoharibika kule kaskazini kwenye baridi. Nyama yao tamu, hawana mbio. Kufika 1768 kwisha, miaka 27 tu tangu waandikwe kwenye daftari. Sasa we mtu umeona kitu kimekutazama na hakikukimbia, utataja sehemu kwenye grupu lenye Kibwana? Kesho yake hapo pana maboti ishirini na taa. Bora kaunti moja ya Marekani, Skamania, walitunga sheria 1969 ya kukataza kumuua Bigfoot, lile jitu lenye manyoya linalosemwa linaishi misituni, faini wakati huo mpaka dola 10,000. Mnyama hajaonekana, faini yake ipo!

Basi shoga, naomba unisaidie. Mpigie wewe. Wewe anakuheshimu tangu ile ya msiba, atapokea. Usimuulize sehemu, tafadhali, hata akianza kusema mkatize. Muulize mengine: lilikuwa linapumua, alisikia pumzi? Kichwa kiliinuka au kilielea? Kulikuwa na harufu? Mtumbwi ulitikisika kabla au baada? Analala vizuri? Amerudi majini tangu siku ile? Na mkewe anamwamini au naye anamcheka?

Na wewe je, kweli ulicheka kwa sababu ilichekesha, au kwa kuwa wote walikuwa wanacheka? Mama Nuru kasemaje? Mbona yeye peke yake hakuandika kitu siku ile? Isije ikawa naye ana lake kalificha, na kwa tulivyomfanyia Sele hatakaa alitoe.

Akipokea usimwambie nimekutuma. Au mwambie. Sijui, we sikiliza sauti yake kwanza.

Wako,
Tatu