Umetoa matairi ya ranfleti? Sasa panga habari ya pancha

Mteja akishavua matairi ya ranfleti (yanayoweza kutembea hata yakiishiwa upepo) na kufunga ya kawaida, sifa ya kwanza anayoitoa ni kwamba gari limelainika, halimrushi tena kwenye kila shimo. Sifa hiyo hudumu mpaka siku taa ya upepo itakapowaka kwenye dashibodi, afungue buti, asikute spea. Haikuibiwa. Magari mengi yaliyotoka kiwandani na ranfleti hayakupewa spea wala jeki, kwa sababu kuta za matairi hayo ni ngumu kiasi cha kulibeba gari hata upepo ukiisha wote: kwa kawaida kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa.

Tairi la kawaida haliwezi hayo. Na kinachowaumiza wateja wetu si msumari, ni mazoea. Aliyezoea ranfleti akiona taa hujiambia atafika tu. Tukilivua tairi lake kwenye rimu, ndani kunamwagika unga mweusi wa mpira, na ukuta umesagika mstari mzima kuzunguka. Tundu lenyewe lingezibika bila shida, lakini ukuta ulishajikunja chini ya uzito wa gari, ukachemka, ukalika. Tairi la hivyo hatulizibi, hata ukitubembeleza. Kwa hiyo taa ikiwaka, punguza mwendo taratibu bila kukaba breki, toka barabarani, tafuta mahali pagumu na tambarare, usimame.

Ukikuta msumari, usiung'oe. Mara nyingi wenyewe ndio unaozuia upepo usitoke kwa kasi. Ikiwa unavuja polepole, pampu ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya gari inatosha: jaza, tembea, pima tena njiani, mpaka ufike kwa fundi. Ndiyo maana anayetaka kununua kitu kimoja tu tunamwambia aanze na pampu.

Gundi ya chupa inasaidia pia, ila wengi huitegemea kupita kiasi. Inaziba tundu dogo, lisilozidi milimita 6 hivi, kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Ukuta uliochanika haiuwezi. Ukishaitia na kujaza upepo, endesha papo hapo ili isambae, simama baada ya kilomita chache upime, kisha nenda gereji moja kwa moja. Mwambie fundi kwamba ndani kuna gundi. Inaweza kuchafua sensa ya upepo, na asiyejua itamlowesha nguo nzima. Tazama pia tarehe kwenye chupa, maana gundi huharibika kwa kukaa.

Kama buti lina nafasi, sisi tunapendelea spea. Lakini usinunue kwa kutazama idadi ya matundu ya bolti tu. Umbali kati ya matundu, tundu la katikati na kina cha rimu (offset, yaani rimu inavyoingia ndani au kutoka nje) navyo vilingane, na rimu ipite juu ya breki bila kugusa. Breki za mbele huwa kubwa zaidi, basi ijaribu mbele kabla hujalipa. Spea nyembamba nyingi zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kimeandikwa ubavuni. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kimo cha spea kikitofautiana sana na matairi mengine kinaweza kuumiza gia na difu, kwa hiyo hapo tafuta ya ukubwa kamili. Magari yaliyotoka kiwandani na ranfleti mara nyingi hayana shimo la spea kwenye sakafu ya buti, kwa hiyo ifunge kwa mkanda. Ikiwa huru, breki ya ghafla itairusha mbele.

Jeki, spana na ufunguo wa bolti za usalama (zile za kuzuia wizi wa magurudumu) viwe pamoja na spea. Ufunguo huo mdogo ndio unaosahaulika kuliko vyote, na bila huo gurudumu halitoki.

Baada ya kubadilisha matairi au kujaza upepo, magari mengine yanataka mfumo wa taa ya upepo uwekwe upya kupitia menyu. Mfumo ukiachwa na vipimo vya zamani, utakupigia kelele bure au utanyamaza wakati wa shida.

Ukija kufungiwa matairi kwetu, njoo na ufunguo wa bolti na uache buti tupu. Tutaweka mfumo upya, tutapima kama spea inaenea, na tutakuonyesha sehemu za kuwekea jeki chini ya gari lako.