Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nchi Ndogo za Reuss na Mabinti Wake

Waheshimiwa wazee waasisi, ndugu wanachama na wageni waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha historia, ninawasilisha mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za mwaka unaomalizika. Mkutano uliopita uliamua kwamba tuache kurukaruka kutoka mada moja hadi nyingine, tuchukue nchi moja ndogo ya Ujerumani ya zamani pamoja na ukoo ulioitawala, tuisome tangu chanzo chake hadi kufutika kwake. Kamati ya Masomo ilichagua nchi za Reuss, zilizokuwa mashariki mwa Thuringia, kandokando ya mto Weiße Elster na kwenye vilima vya Saale ya juu. Baadhi ya wajumbe waliupinga uchaguzi huo kwa hoja kwamba Prussia au Bavaria ingetufaa zaidi, nao wana haki ya kujua leo kama muda wao ulitumika vyema.

Nianze na ukubwa, maana ndio uliozua ubishi mwingi. Katika Dola la Ujerumani lililoundwa mwaka 1871 kulikuwa na nchi wanachama 25, na mbili kati ya hizo zilikuwa za ukoo wa Reuss: Reuss ya Shina la Wakubwa, yenye makao makuu Greiz, na Reuss ya Shina la Wadogo, yenye makao makuu Gera. Ya kwanza ilikuwa na kilomita za mraba 316 tu, ya pili 827. Ukiziunganisha zote mbili hazifikii eneo la kisiwa cha Unguja. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1910, Greiz na vijiji vyake vilikuwa na wakazi 72,769, na upande wa Gera wakazi 152,752. Hata hivyo kila moja ilikuwa na mtemi wake, serikali yake, bunge lake dogo na kura yake moja katika Baraza la Dola.

Ukoo huo ulianza kama watumishi. Katika karne ya 12 wakuu wa Weida walisimamia ardhi ya kaisari kwa cheo cha Vogt, na kutokana na cheo hicho eneo lote likaitwa Vogtland, jina linalotumika hadi leo. Polepole usimamizi ukageuka urithi, urithi ukageuka umiliki, na matawi yakaota Gera, Plauen na Greiz. Mmoja wa wakuu wa Plauen wa karne ya 13 alipewa lakabu ya Reuss, yaani Mrusi, kwa sababu ya undugu wa ndoa na watawala wa Rus, na lakabu hiyo ikawa jina la ukoo mzima. Kutoka Plauen alitoka pia Heinrich aliyeilinda ngome ya Marienburg mwaka 1410, baada ya jeshi la mashujaa wa Shirika la Kiteutoni, shirika la kidini la wapiganaji wa Kijerumani, kusambaratishwa huko Tannenberg. Alichaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika mwaka huohuo, akaondolewa mwaka 1413.

Hapa lazima niseme jambo lililoisumbua Kamati kuliko jingine lolote. Wanaume wote wa ukoo huu, wawe watawala au wasiwe, waliitwa Heinrich, kwa heshima ya Kaisari Heinrich VI. Kwa kuwa jina lilikuwa moja, walitofautishwa kwa namba, na kila mtoto wa kiume aliyezaliwa alipewa namba yake hata kama angefariki akiwa mchanga. Shina la Wakubwa lilikusudia kuhesabu hadi 100 kabla ya kurudi mwanzo. Shina la Wadogo lilianza upya kila karne. Ndiyo maana Heinrich LXXII anaweza kuwa mtawala wa mwaka 1848, na Heinrich XIV akatawala kizazi kilichofuata bila mtu yeyote kurudi nyuma katika wakati. Ugawaji wa mirathi uliongeza utata. Mwaka 1564 milki iligawanywa katika mashina matatu. La kati likatoweka mwaka 1616, na mawili yaliyobaki yakaendelea kujigawa hadi wakuu wengine wakatawala mji mmoja na vijiji vichache, mpaka urithi wa mwana wa kwanza ulipowekwa mwaka 1690.

Rejesta yetu ya kwanza, iliyopangwa kwa majina ya watawala, haikumsaidia yeyote. Kwa ushauri wa Katibu tuliipanga upya kwa miji, na chini ya kila mji tukaandika wanawake: mama, wake na mabinti, ambao walau kila mmoja alikuwa na jina lake. Mpangilio huo ulioanza kwa sababu ya urahisi ndio uliotuonyesha jambo ambalo ninaliona kuwa tunda la mwaka huu. Mabwana wa Reuss hawakuwa na jeshi la kumtisha mtu wala mali ya kumnunua mtu, lakini mabinti wao walifika mbali kuliko amri yoyote iliyotolewa Gera au Greiz, na baadhi ya nyuzi walizozisokota zinafika mpaka kwetu.

Simaanishi kwamba kina Heinrich wote hawana la kusimuliwa. Heinrich wa Gera aliyeitwa Posthumus, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1572 baada ya baba yake kufariki, anastahili nafasi aliyopewa katika vikao vyetu. Wakati wake Gera ilipokea wafanyabiashara na wafumaji wa nguo waliokimbia mateso ya kidini Uholanzi, miongoni mwao Nicolaus de Smit aliyefika mwaka 1595, na kwao mji ukapata kazi ya sufu iliyoulisha kwa karne kadhaa. Mwaka 1608 alifungua shule ambayo jina lake, Rutheneum, bado lipo. Aliagiza jeneza lake angali hai na kuchagua mwenyewe aya za Biblia za kuandikwa juu yake. Alipofariki Desemba 1635, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, mtunzi Heinrich Schütz, mzaliwa wa Köstritz katika nchi hiyohiyo, alizitilia aya hizo muziki ulioimbwa mazishini Februari 1636. Wanachama walioimba kwaya walituchezea rekodi yake, na nadhani kikao kile kilikuwa bora kuliko vyote vya mwaka.

Sasa nije Ebersdorf, tawi lililokuwa miongoni mwa madogo kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 18 nyumba ya kabaila wa Ebersdorf ilikuwa imeshika kwa dhati uamsho wa kidini uliokuwa ukienea Ujerumani wakati ule. Kijana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf wa Saksonia alikuwa rafiki wa Heinrich XXIX wa huko. Zinzendorf alikusudia kumposa Theodora wa Castell, lakini alipotambua kwamba rafiki yake naye anamtaka, alimwachia. Heinrich akamwoa Theodora mwaka 1721, na mwaka uliofuata, Septemba 1722, Zinzendorf akamwoa dada yake Heinrich, Erdmuthe Dorothea. Miezi michache kabla ya harusi hiyo wakimbizi wa imani kutoka Moravia walikuwa wameanza kujenga Herrnhut kwenye ardhi ya Zinzendorf.

Vitabu vingi humtaja Zinzendorf peke yake. Ukweli ni kwamba aliyeshika hesabu za jumuiya ile, akasimamia mashamba, madeni, watumishi na wageni wasiokoma, alikuwa Erdmuthe, na mwaka 1732 mumewe alimwandikishia mali kwa jina lake. Mwaka huohuo wamisionari wa kwanza wa Herrnhut waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Warithi wa kazi hiyo walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 wakapokea kituo cha Urambo katika Unyamwezi. Wanachama wetu wa Mbeya na Tabora waliolelewa katika Kanisa la Moravian walikuwa wanalijua jina la Herrnhut tangu utotoni. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia la Ebersdorf, wala la mwanamke aliyehakikisha kwamba Herrnhut haifilisiki.

Heinrich XXIX na Theodora walimzaa Heinrich XXIV, na huyu akamzaa Augusta mwaka 1757. Kwa hiyo Erdmuthe alikuwa shangazi wa baba yake Augusta. Mwaka 1777 Augusta aliolewa na Franz, mrithi wa utemi wa Sachsen-Coburg-Saalfeld, nchi iliyoelemewa na madeni kiasi kwamba hakuna aliyeitarajia kuzaa wafalme. Binti yake Juliane aliolewa katika nyumba ya kaisari wa Urusi. Binti mwingine, Victoire, ndiye mama wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwana mkubwa, Ernst, ndiye baba wa Albert, mume wa Victoria, maana yake Augusta alikuwa bibi wa bwana harusi na bibi harusi pia. Mwana mdogo, Leopold, aliapishwa kuwa mfalme wa Ubelgiji Julai 1831, miezi michache kabla ya mama yake kufariki.

Mwana wa huyo Leopold ni Leopold II, aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi kuanzia mwaka 1885 hadi 1908. Wanachama wetu kutoka Bukavu na Lubumbashi waliomba jambo hili lijadiliwe kwa kirefu, nasi tulifanya hivyo. Nilisema kikaoni na narudia hapa: hakuna anayeibebesha Ebersdorf damu iliyomwagika kwa ajili ya utomvu wa mpira, wala hatuhesabu dhambi za mtu kwa bibi yake. Lakini nasaba zile za Ujerumani, kwa sababu zilikuwa ndogo na hazikumtisha yeyote, ndizo zilizotafutwa kila nchi kubwa ilipohitaji mfalme au mke wa mfalme, na kupitia mlango huo watu wasio na nchi ya maana kwao walipata nafasi ya kuamua mambo ya mabara mengine.

Swali la pili lililotushughulisha ni kwa nini nchi ndogo hivi hazikumezwa. Kwa muda mrefu zililindwa na sheria za Dola Takatifu la Roma, ambazo zilimpa hata mkuu mdogo mahakama ya kukimbilia. Dola hilo lilipovunjika mwaka 1806 watawala wengi wa hadhi yao walipoteza nchi zao. Reuss walijiunga na Muungano wa Rhine chini ya Napoleon mwezi Aprili 1807 na hivyo wakabaki, kisha wakapokelewa katika Shirikisho la Ujerumani mwaka 1815. Mwaka 1848 mapinduzi yalimlazimu Heinrich LXXII wa Lobenstein-Ebersdorf kujiuzulu, na ardhi yake ikaunganishwa na ya Schleiz, tawi jingine la Shina la Wadogo. Tangu hapo Shina la Wadogo lilikuwa na mtemi mmoja.

Greiz iliponea chupuchupu. Caroline wa Hessen-Homburg, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe tangu mwaka 1859, aliegemea upande wa Austria katika vita vya mwaka 1866, na Waprussia wakauteka mji wake na kumtoza faini. Mwanawe, Heinrich XXII, alishika madaraka mwaka 1867 na hakuisamehe Prussia maisha yake yote. Kura yake moja katika Baraza la Dola ilimsumbua Bismarck zaidi ya uzito wake. Na huku mtemi akishikilia ukale wake, wafumaji wa viwanda vya Greiz walimpeleka msoshalisti Wilhelm Blos katika Bunge la Dola mwaka 1877. Mkusanyiko wa picha za kejeli za Kiingereza ulio katika Jumba la Kiangazi la Greiz ulifika huko kwa njia ya ukoo wa Caroline. Hapo pia binti ndiye aliyebeba.

Mwisho nitaueleza kwa kifupi, kwa kuwa ulikuja upesi. Heinrich XXIV, mtemi wa mwisho wa Greiz, alikuwa na ulemavu uliomzuia kutawala, hivyo tangu mwaka 1902 Shina la Wadogo lilitawala kwa niaba yake. Novemba 1918 Heinrich XXVII wa Gera aliachia viti vyote viwili. Nchi hizo mbili ziliungana kuwa jamhuri moja mwaka 1919, na tarehe 1 Mei 1920 jamhuri hiyo ikaingia katika Thuringia, ambayo ilichukua nyota saba katika ngao yake, moja kwa kila nchi iliyojiunga. Hermine, dada yake Heinrich XXIV, aliolewa mwaka 1922 na Wilhelm II, kaisari aliyekuwa uhamishoni Uholanzi. Mwaka 1945 kasri la Osterstein huko Gera lilipigwa mabomu, na Heinrich XLV, mwana wa Heinrich XXVII, aliyelipenda jumba la maonyesho la Gera kuliko siasa, alikamatwa na askari wa Kisovieti asionekane tena.

Wanachama kadhaa waliuliza juu ya habari za Desemba 2022, mtu wa ukoo huu alipokamatwa kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali ya Ujerumani. Kamati iliamua kwamba shauri la mtu aliye mbele ya mahakama si kazi ya chama cha historia, na ninaunga mkono uamuzi huo.

Kuhusu hesabu, Mweka Hazina atazisoma mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba gharama kubwa ilikuwa ununuzi wa vitabu vya Kijerumani, na kwamba wanachama wanaoishi Ujerumani walijitolea kutafsiri bila malipo. Ada za baadhi yetu bado hazijalipwa.

Kamati inaomba Mkutano uridhie mambo mawili. La kwanza ni kuiandikia Hifadhi ya Nyaraka ya Greiz, iliyomo katika Kasri la Juu la mji huo, kuomba nakala za nyaraka za utawala wa Caroline zinazohusu mwaka 1866. La pili ni kuhamia mwaka ujao katika utemi jirani wa Schwarzburg-Rudolstadt, ambao makao yake makuu, Rudolstadt, yaliwahi kumpa makazi Sayyida Salme wa Zanzibar, aliyeitwa huko Emily Ruete. Katibu amekwisha kuandaa orodha ya wanawake wa nyumba hiyo, na nakala zake zipo mezani kwa kila mjumbe kuzipitia kabla ya kupiga kura.