Magrupu ya michango ya harusi yamezidi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu haya magrupu ya WhatsApp ya michango ya harusi, maana sasa imekuwa too machi. Mtu mlisoma wote sekondari, hamjasalimiana miaka na miaka, asubuhi unaamka ushaungwa kwenye grupu lina picha ya bibi harusi na namba ya M-Pesa ya mweka hazina, na kila jioni mwenyekiti anabandika orodha ya waliolipa na walioahidi, jina lako liko chini kabisa na sifuri mbele yake, watu wote wanaona. Zamani ulikuwa unaletewa kadi ya mchango mkononi, ukikwama unaongea na mwenyewe pembeni, yanaisha.

Sipingi kuchanga jamani, hata mimi nilichangiwa. Ila kuungwa bila kuulizwa ndo siafiki. Na wengi hawajui kwamba tangu 2019 WhatsApp waliweka sehemu kwenye setingi za faragha, unachagua nani anaweza kukuunga, ukiweka namba ulizosevu tu basi wengine inabidi wakutumie linki kwanza. Halafu tangu 2022 ukijitoa grupu zima halitangaziwi, wanaoarifiwa ni maadmini tu (ingawa kwa kamati zetu hizi, admini mmoja akijua ukoo mzima umejua).

Wanakamati, anzeni na meseji inboksi. Na hizo voisi ndefu za kuhamasisha punguzeni, bando zenyewe ghali.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam