Zoezi la nywele Jumamosi, saa 3 asubuhi

Habari za jioni walimu wenzangu wa Mtwara na Mikindani. Jumamosi tunaangalia nywele kwa hadubini. Kila mmoja aje na unywele ulionyofolewa, siyo uliokatwa, ili tuone na shina lake. Uoshwe kwa sabuni kabla, maana mafuta ya nazi yanafunika magamba madogo yaliyo juu ya unywele.

Weka tone moja la gliserini kwenye slaidi (kipande cha kioo cha chini), laza unywele, kisha shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari, taratibu. Ukikiangusha bapa, hewa inanaswa; viputo vyenye ukingo mweusi mnene wanafunzi huvidhania seli. Anza na lenzi ya kukuza mara 4, ndipo 10, mwisho 40. Nywele za kipilipili ni bapa na zimejisokota, hivyo sehemu moja ikionekana vizuri nyingine inafifia. Kurekebisha, zungusha skrubu ndogo ya hadubini tu. Ile kubwa itapasua kioo.

Mtaona chembe za rangi ndani, na pengine mstari mweusi katikati unaokatika-katika. Kwa binadamu ni mwembamba au haupo kabisa. Mwenye mbuzi alete unywele wa mbuzi huyo tulinganishe, nawasihi sana!

Magamba hayaonekani vizuri hivyo. Paka slaidi rangi ya kucha isiyo na rangi, nyembamba, laza unywele juu, subiri ikaribie kukauka, uunyofoe. Alama inayobaki ndiyo ya kuangalia: magamba yamepandana kama vigae, ncha zikielekea mwisho wa unywele.

Lenzi zifutwe kabla ya kufunikwa. Unyevu huu wa pwani unaziotesha ukungu.