Malalamiko kuhusu shamba la maonyesho na dawa za viwavijeshi vamizi

Wilaya ya Mbozi, Songwe

Ndugu Meneja Mauzo,

Ninaandika kwa niaba ya wakulima wa mahindi wa kikundi chetu, tulioitwa na mtaalamu wenu kwenye shamba la maonyesho.

Pale tulionyeshwa vipande viwili: kimoja kimepuliziwa dawa yenu, kingine hakikupuliziwa kitu. Kilichopuliziwa kilipendeza, hatukatai. Lakini mkulima hachagui kati ya dawa na kukaa bure. Anachagua kati ya dawa na dawa, tena mara nyingi kwa hela ya mkopo. Kipande cha emamektini, dawa nyingine ya viwavi hawa, kilikuwa wapi?

Dawa yenu ni lambda-sihalothrini, ya jamii ya pairethroidi. Kiwavi mchanga aliye juu ya jani huuawa nayo. Akishakua hujichimbia kwenye moyo wa mhindi na kuuziba kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, dawa ikabaki nje. Emamektini hupenya ndani ya jani, kiwavi akaila pamoja na jani lenyewe. Isitoshe, usugu wa kiwavi huyu dhidi ya pairethroidi ulijulikana Marekani miaka mingi kabla hajaonekana Afrika mwaka 2016. Kampuni ya viuatilifu haiwezi kusema haikujua.

Lililotuuma zaidi ni hili. Viwavi walipoendelea kula, wakala wenu alituambia tubadilishe dawa, akatuuzia nyingine yenu, jina tofauti na bei ya juu. Kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kwa herufi ndogo mno, ni lambda-sihalothrini ileile! Kubadilisha dawa ni kuhamia kundi linaloua kwa njia nyingine. Kurudia kundi lilelile kunawaacha viwavi sugu peke yao wazaliane, na hasara hiyo itamfikia hata jirani ambaye hajawahi kununua kwenu.

Tunaomba mrudishe fedha za dawa hiyo ya pili. Nakala za stakabadhi zimeambatishwa. Msimu ujao wekeni dawa yenu, emamektini na klorantraniliprole, dawa ya kundi jingine, bega kwa bega, zipuliziwe jioni moja kwenye mahindi ya umri mmoja, kisha mtupimie mavuno na gharama ya kila ekari mbele yetu. Na namba ya kundi la dawa, inayoonyesha njia yake ya kuua, iandikwe kubwa kwenye chupa, kwa Kiswahili.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wanachama