Salamu za Diwali kutoka mlangoni, kwenye viatu

Ndugu na majirani zangu wa Kisutu, Upanga, Kariakoo, na popote salamu hizi zitakapowakuta: heri ya Diwali, sikukuu yetu Wahindu ya taa. Na kwa wale mnaofungua mwaka mpya pamoja nasi, Sal Mubarak, yaani heri ya mwaka mpya.

Vuli imeshaanza kunyesha na maembe yameanza kuonekana sokoni. Nyumbani kwangu watoto wamekaa sakafuni wanasokota tambi za pamba. Vitaa vya udongo tumeviloweka majini tangu jana, maana kitaa kikavu hunywa mafuta yote kabla utambi haujashika moto vizuri. Kesho usiku hakuna mwezi. Diwali huangukia usiku wa giza totoro, ndiyo maana taa ndogo vile inaonekana.

Mwaka huu salamu zangu nazituma kutoka mahali ambapo wengi wenu hunikuta usiku ule: mlangoni pa hekalu, kwenye viatu. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mtu mzima mwenye duka lake anakaa pale, na sijawahi kujibu sawasawa. Acha nijibu leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilichangia gharama za sherehe, mchango ambao kwangu ulikuwa mzito. Usiku wa Diwali majina ya wachangiaji yakasomwa kwenye kipaza sauti. Langu halikusomwa. Nilikaa pale na sahani ya ladu mapajani, dua zikaendelea, nyimbo zikaimbwa, mimi sikusikia kitu. Masikio yangu yote yalikuwa yanasubiri jina. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu, ambaye sikuwa nimemwambia neno, akaniinamia akasema, "Kijana, mlangoni wamezidiwa. Nenda kasaidie viatu."

Nilikwenda nimenuna. Viatu vilikuwa kilima. Kandambili za buluu zilizolika visigino, viatu vya shule vilivyopigwa rangi siku ileile, makubazi, sandali za kike zenye vito, kimoja kimeshang'oka. Unapokea pea, unaipanga kwenye rafu, unampa mwenyewe kipande cha karatasi ngumu chenye namba. Kuvipanga lazima uiname, na ukiinama huoni nyuso, unaona miguu tu: ya tajiri, ya mwanafunzi, ya bibi mwenye pete ya fedha kidoleni. Ikapita nusu saa, ikapita saa. Bibi mmoja alipokuja kuchukua viatu vyake, nikamvalisha, akaniwekea mkono kichwani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa na hasira. Nikaitafuta, sikuiona. Tangu mwaka ule kazi hiyo naiomba mwenyewe.

Kuna methali ambayo kila mtoto wa Kihindu aliyesoma shule za huku ameisikia: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nilikuwa darasa la nne ilipoandikwa ubaoni, na darasa zima likageuka kunitazama miguu. Ilinichoma, na iliendelea kunichoma mpaka nimeoa. Hilo neno la kwanza hata leo silipendi. Lakini sehemu ya pili nimeichukua, kwa sababu ni kweli kuliko alivyojua aliyeitunga. Sisi tuna hadithi nzima ya kiatu kilichokuwa dawa, tena ni sehemu ya hadithi hii hii ya Diwali.

Wengi mnajua kwamba Ram, mwana wa mfalme, anarudi mjini kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya kuishi porini, na watu wanawasha taa kumlaki. Wote humtazama anayerudi. Nawaomba safari hii tumtazame aliyekuwa akimngoja.

Bharat alikuwa mdogo wake Ram kwa mama mwingine. Mama yake Bharat, Kaikeyi, ndiye aliyemdai mfalme Dasharatha, baba yao, zile ahadi mbili: mwanangu atawale, na Ram aende porini miaka 14. Bharat hakuwepo, alikuwa ugenini kwa mjomba wake. Aliporudi alikuta baba amekufa kwa majonzi na kiti cha enzi kinamngoja yeye. Angeweza kukaa. Hakuiba, hakupanga njama, amri ilikwisha kutoka. Badala yake akafunga safari hadi Chitrakut, kule porini, kumsihi kaka yake arudi. Ram akakataa kuvunja neno la baba. Basi Bharat akaomba kandambili zake, zile padukaa za Ram, akazibeba kichwani mpaka Nandigram, nje ya mji, akaziweka juu ya kiti cha enzi. Yeye akavaa magome ya mti kama kaka yake kule porini, akaendesha nchi miaka yote 14 kwa niaba ya viatu.

Valmiki, mtunzi wa Ramayana, anaeleza siku ya marejeo. Bharat anapiga magoti, anamvalisha Ram zile kandambili kwa mikono yake mwenyewe, kisha anamkabidhi hesabu: hazina, maghala, mji, jeshi, vyote vimezidi mara kumi. Na anasema imekuwa hivyo kwa nguvu zako. Mimi ni mtu wa duka, na kila nikifika hapo koo hunikaba. Nani kati yetu amewahi kuzidisha kitu mara kumi akakirudisha bila kutaja jasho lake?

Kwa Kiswahili tuna neno lake, amana. Bharat alitawala amana.

Ndiyo maana sisi Wagujarati usiku wa Diwali huweka madaftari ya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa mali na baraka. Marehemu babu yangu alikuwa na daftari lenye jalada jekundu la kitambaa. Ukurasa wa kwanza aliandika neno Shri mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka likajengeka umbo la mlima, ndipo afunge. Siku hizi hesabu zangu ziko kwenye kompyuta, na hiyo kompyuta nayo huwekwa pale ikapakwa unga mwekundu. Nikiwa mtoto nilidhani tunaomba faida. Siku hizi naona ni kama makabidhiano: mali niliyopewa kutunza ni hii, mahali ilipofika ni hapa.

Umimi wetu Wahindu tunauita ahankara. Aham ni mimi, kara ni mtendaji. Kitabu chetu kitakatifu, Bhagavad Gita, sura ya 3 aya ya 27, kinasema kazi zote hutendwa na nguvu za maumbile, lakini mtu aliyepumbazwa na ahankara hudhani mtendaji ni yeye. Niliisoma aya hiyo miaka mingi bila kuielewa, mpaka nilipoifikiria dukani. Mfuko wa saruji umejazwa kiwandani na watu nisiowajua, dereva ameuendesha usiku kucha, vibarua wameushusha mgongoni, kijana wangu ameuhesabu na kuupanga. Mimi nimeandika risiti. Jioni nafika nyumbani namwambia mke wangu, "Leo nimeuza."

Mwezi uliopita kijana huyohuyo alinirekebisha mbele ya wateja. "Bosi, umekosea, nondo ni kumi na mbili, siyo kumi." Masikio yakanipata moto. Jibu kali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikatazama chini, nikaona ndala zake, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Nikahesabu upya. Zilikuwa kumi na mbili. Nikamwambia, "Ahsante, umeniokoa." Haikuwa rahisi, na siku nyingine jibu kali hutoka kabla sijatazama chini. Lakini siku ile aliondoka kazini anaimba.

Watu huniuliza kama mambo haya ni ya Wahindu tu. Fikirini shikamoo. Wazee walitueleza kwamba asili yake ni nashika miguu yako. Asubuhi ya mwaka mpya wetu watoto wanainama kugusa miguu ya wazazi na mababu, na mkubwa anaweka mkono kichwani kubariki, kama marahaba. Mwanangu wa kiume alipokuwa mdogo alifanya vyote viwili kwa pamoja, aliinama akasema shikamoo, Ba, yaani bibi, na mama yangu akaitika marahaba huku analia. Tulisema sote hapo ndipo nyumbani.

Asubuhi hiyohiyo kuna desturi ya chumvi. Bibi yangu alisimulia kwamba huko Gujarat, kabla jua halijatoka, watoto hupita mitaani wakiuza chumvi ya mawe, wakiita "sabras, sabras", na kila nyumba hununua kidogo iwe baraka ya mwaka. Bibi aliendelea kuiweka chumvi kwenye kibakuli hata Dar es Salaam, ingawa hapakuwa na mtoto wa kuiuza. Aliichanganya na simulizi ya Chandogya Upanishad, mojawapo ya maandiko yetu ya kale: Shvetaketu alirudi nyumbani akiwa na miaka 24, baada ya miaka 12 ya masomo, amevimba kichwa kwa elimu. Baba yake, Uddalaka, akamwambia atie chumvi kwenye maji, alale. Asubuhi akamwambia, nipe ile chumvi. Kijana akatafuta, hakuipata. Onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Bibi alitunywesha kijiko kimoja kimoja, sote tukikunja uso, wala hakueleza zaidi.

Kesho nitatia chumvi kwenye maji kwa ajili ya vitukuu wake. Usiku nitakuwa mlangoni, upande wa kushoto ukiingia. Wa dini yoyote karibuni, jalebi zipo, bajia zipo. Leteni viatu.